Wanyama wa Sanduku Langu

Mpenzi msomaji, katika kurasa za jarida hili la chama chetu umekwisha kusoma habari za wenye uraibu wa kandanda, wa kusoma riwaya, wa kususi nywele na hata wa kufuga njiwa. Mimi pia nina uraibu wangu. Nakusanya wanyama. Usishtuke, si wanyama wenye pumzi. Kwetu Changamwe chumba ni kimoja na pazia, sasa ng'ombe angelala wapi? Nakusanya wanyama wadogo wa kuchezea na wa kupambia meza: wa mti, wa jiwe, wa plastiki, hata wa ndara. Leo ninapoandika wako 42. Waliwahi kufika 63, na jinsi walivyopungua nitakueleza huko mbele, ukinivumilia.

Najua unavyosema moyoni. Ati msichana wa miaka 16, kidato cha tatu, mtihani wa kitaifa unamkodolea macho, bado yuko na vitu vya watoto! Si wewe wa kwanza. Rafiki yangu mmoja tunayekaa naye dawati moja alipofunguliwa sanduku hili mara ya kwanza alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akamchukua kobe wa jiwe, akamweka kwenye kiganja, akanyamaza. Baada ya kitambo akauliza, "Mbona huyu mzito hivi?" Nikajua amekwisha. Siku hizi akija kwetu haulizi chai, huuliza kobe.

Raha yenyewe iko mkononi. Ndovu wa kwenye kitabu unamtazama tu, ukifunua ukurasa amekwenda zake. Ndovu wa mkononi ana mgongo wa kupapasa, ana uzito, ana baridi asubuhi na joto ukimshika sana. Na tena ukiwa mdogo, mara nyingi vitu vyote vya dunia ni vikubwa kuliko wewe. Hapa walau simba anaingia mfukoni. Ndani ya sanduku langu kuku ni mkubwa kuliko twiga, na kenge anaweza kumbeba kiboko mgongoni, kwa maana kila mmoja alitoka kwa fundi wake na kipimo chake. Mdogo wangu wa kiume hukasirika sana kwa jambo hili. Yeye hutaka kuwapanga kwa ukubwa wa kweli. Mimi huwapanga ninavyotaka, sanduku ni langu.

Wa plastiki wengi niliwapata Kongowea. Kule sokoni kuna wauzaji wa mitumba wanaomwaga chini vitu vya watoto wa Ulaya: magari yasiyo na magurudumu, wanasesere wenye jicho moja, na wanyama. Ukiinama vizuri, usijali vumbi, waweza kumpata punda milia kwa shilingi 10 au 20. Mwenye uraibu huu hamtazami mnyama usoni kwanza. Humpindua. Tumboni ndiko kuna habari. Huko utasoma jina la kampuni, nchi aliyotengenezwa, na mara nyingi mwaka. Niliwahi kumpata simba wa Schleich, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka wa 1935, kwa shilingi 30 tu kwa sababu alikuwa hana mkia. Manyoya yake ya shingoni yalikuwa yamechorwa uzi kwa uzi, na usoni alikuwa na ile sura ya mtu mzima aliyeamshwa usingizini. Yule muuzaji aliniambia, "Chukua tu, simba bila mkia ni mbwa." Nilimlipa haraka kabla hajabadilisha nia.

Wa jiwe nilikuwa nao wachache: kobe niliyekwisha kumtaja, kiboko mwenye rangi ya waridi, na nyani wawili waliokumbatiana. Mawe haya huchimbwa Tabaka, huko Kisii. Ni laini, hukatwa kwa panga na kuchongwa kwa kisu yakiwa yamelowa, kisha hupigwa msasa kwa maji na kupakwa nta yakang'aa. Ila yakianguka sakafuni hayana msalie mtume, huvunjika papo hapo. Nyani wangu mmoja hana sikio. Wa ndara ninaye mmoja tu, ndovu wa rangi saba kama kanga. Asili ya kazi hii ni pwani yetu hii hii: mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Kiunga, kaskazini mwa Lamu, watoto walikuwa wakijitengenezea vitu vya kuchezea kwa ndara zilizotupwa ufuoni na bahari. Leo ni kazi ya karakana nzima. Ndovu huyu ukimwangusha hudunda.

Sasa tufike kwa wa mti, kwa maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Jambo la kwanza ambalo ningependa kila msomaji alijue ni jaribio la ndoo. Mpingo ni mti mzito kuliko maji. Ukimtumbukiza mnyama wa mpingo halisi ndani ya ndoo, huzama kama jiwe. Wa mwembe, wa mjakaranda au wa mwarobaini huelea. Rafiki yangu huyo wa kobe alimnunua twiga karibu na kivuko cha Likoni, mweusi tii, akaambiwa ni mpingo mtupu, akatoa shilingi 600 alizokuwa amewekewa na shangazi yake. Akaja kwetu akitamba kama tausi. Nikamwambia hebu tuone. Tukamtia twiga majini. Maskini, hakuelea tu, aliogelea! Na yale maji yakaanza kuwa meusi kidogo kidogo kama wino, maana bwana yule alikuwa amepakwa rangi ya viatu kuanzia pembe hadi kwato. Baada ya kumpangusa tukaona ni mti mweupe wa kawaida, mistari yake mizuri tu, asiyehitaji kudanganya mtu. Rafiki yangu alinuna siku mbili. Mimi nikamwomba anipe yule twiga, akakataa. Nadhani naye ameanza kukusanya.

Ukitaka kutambua mpingo bila ndoo, tafuta ukingo. Kiini chake ni cheusi lakini pembeni kuna ukanda wa rangi ya maziwa, na mafundi wengi huuacha makusudi ili mnunuzi aone hajaibiwa. Lakini usitegemee kuwapata wengi. Mti huu hukua polepole mno, wakati mwingine miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kukatwa. Muhugu nao, ambao mafundi wa hapa kwetu waliupenda sana, ulikatwa mno katika misitu ya pwani kama Arabuko-Sokoke. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 wachongaji wamekuwa wakihimizwa kutumia miti inayopandwa majumbani na mashambani: mwarobaini, mwembe, mjakaranda. Babu yangu husema mwarobaini una harufu ya dawa na tabia ya mwanafunzi wa bweni, yaani unapinda pale usipotazamwa. Lakini wadudu wanaotoboa mti hawaupendi, na hilo kwa mwenye sanduku ni faida kubwa.

Kabla ya kuendelea na babu, niseme kidogo juu ya nchi nyingine, usije ukadhani ni sisi tu. Maktaba ya shule yetu ina ensaiklopidia kuukuu zisizosomwa na mtu. Humo ndimo nilimokutana na mafundi wa Seiffen, kijiji cha milimani huko Ujerumani. Wao hawachongi mnyama mmoja mmoja. Huchukua kipande cha gogo bichi, wakakikereza kwenye mashine mpaka kiwe mduara kama bangili nene yenye mabonde na vilima vya ajabu. Ukiutazama mduara ule huoni mnyama yeyote. Kisha huukata kama keki, vipande vyembamba kuzunguka pande zote, na kila kipande kikitoka, lo! kumbe ni ng'ombe! Mduara mmoja, ng'ombe kundi zima. Nilikimbia nyumbani nikamweleza babu. Akasikiliza hadi mwisho, akavuta ugoro wake, akasema, "Hao wote ni pacha. Sasa ukipoteza mmoja utajuaje ni yupi?"

Na kiboko wa kale zaidi ninayemjua yuko New York, katika jumba la makumbusho la Metropolitan. Alitengenezwa Misri takriban miaka 3,900 iliyopita, rangi yake buluu ya kung'aa, urefu wake kama sentimita 20, na mwilini amechorwa maua ya yungiyungi kana kwamba bado yumo mtoni. Tangu 1931 watu humwita William. Aliwekwa kaburini pamoja na maiti, na kwa kuwa Wamisri waliogopa kiboko asije akaamka akamdhuru mwenye kaburi, walimvunja miguu makusudi. Mitatu kati ya minne aliyo nayo leo ni ya kurudishiwa. Tangu nisome hayo, nyani wangu asiye na sikio nimemheshimu zaidi.

Haya, babu. Mzee huyu alizaliwa Wamunyu, Ukambani, ambako uchongaji wa vinyago vya kuuza ulianza na mtu mmoja, Mutisya Munge, aliyejifunza kazi hiyo kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nayo kwao. Kutoka kwake ikaenea nyumba kwa nyumba. Wakamba walioteremka pwani kutafuta wanunuzi wakajaa hapa Changamwe, na hadi leo sauti ya tezo ni kitu cha kawaida kwetu kama adhana na honi za matatu. Babu aliteremka mwaka wa 1974. Chini ya kibanda cha makuti na mabati pamoja na wazee wenzake amechonga kila kitu chenye miguu, lakini hodari wake ni kifaru. Hamchongi yule mweupe mwenye mdomo mpana wa kula nyasi. Huchonga mweusi, mwenye mdomo uliochongoka wa kuvutia majani, kwa sababu ndiye aliyemwona kwa macho yake alipokuwa kijana. Wakati ule hawakuwa wa kutafutwa. Mwaka wa 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi karibu 20,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Babu husema kuna miaka alikuwa akichonga vifaru wengi kwa mwezi kuliko waliosalia Tsavo.

Mimi nimepewa jina la marehemu nyanya, kwa hivyo babu huniita "mke wangu" kwa utani. Nilipokuwa na miaka 7, darasa la pili, mwezi wa Desemba 2016, alinipa kifaru wa muhugu anayetosha kiganjani. Tumboni aliandika mwaka kwa msumari wa moto. Huyo ndiye mnyama wa kwanza wa sanduku hili. Tangu hapo kila Desemba nikapata mmoja. Na mwezi wa Machi 2018 alipokufa Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, kule Ol Pejeta, babu alisikia kwenye redio, akaacha kazi ya watu aliyokuwa nayo akamchonga kifaru mweupe, mdomo mpana, kichwa chini. Huyo hakungoja Desemba. Kwa hivyo ilipofika mwisho wa 2023 nilikuwa na vifaru 9 kwenye mstari mmoja, wote wa mkono mmoja.

Kwetu wanaume huchonga, wanawake hupiga msasa. Mama na mimi tunapiga msasa jioni nikishamaliza hesabu. Mtu wa msasa humjua mnyama kuliko hata aliyemchonga, maana vidole vyake hupita kila mahali, chini ya mkia, nyuma ya masikio, kwenye kope. Sasa mimi huwatoa vifaru wangu wote wakati wa likizo kuwapaka mafuta ya nazi ili wasipasuke. Nilipokuwa nikiwapaka mafuta Desemba ya 2021, kidole changu kilipita usoni kwa yule mpya kikakwama. Jicho la kulia lilikuwa juu ya la kushoto. Kidogo tu, kama upana wa punje ya mchele. Nikamrudia wa 2020. Macho sawa. Nikamrudia wa 2019. Sawa kabisa, kama yamepimwa kwa rula.

Wa 2022 pembe yake ya mbele ilielekea kando, kana kwamba anasikiliza jirani. Masikio yalikuwa mazito, na nikaelewa kwa nini: mtu asiyeona vizuri huogopa kupunguza sikio likawa jembamba, kisu kisije kikapita. Wa 2023, mpenzi msomaji, ni kama alichongwa gizani. Pembe ni kisiki. Macho hayajuani.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye macho yanayokufa nani atamwambia? Mambo mengine nayo yakaanza kuja pamoja. Babu alikuwa amehamisha kigoda chake mara tatu akitafuta mwanga. Magharibi taa za matatu zilimfanya afunike uso. Chai alikuwa akiitafuta mezani kwa mkono kabla ya kuishika. Mwezi wa Februari 2024 mnunuzi mmoja akarudisha ndovu 12 ati masikio yanapishana, na pesa za mwezi ule zikaenda hivyo. Babu akalaumu mti. Kesho yake akalaumu tezo. Keshokutwa akalaumu msasa, yaani mama na mimi. Mama aliinama akaendelea kusugua. Nilipomfuata jikoni nikamwambia, "Mama, si mti. Babu haoni," akanijibu kwa sauti ya chini, "Najua. Lakini mtoto hamwambii mzee ya kwamba haoni. Wala mkaza mwana hamwambii." Na baba yangu, aliyekuwa na haki ya kusema, hatunaye tangu nikiwa mdogo.

Nikalala na hilo jambo siku nyingi. Usingizi ulinipaa. Kusema siwezi, kunyamaza siwezi. Babu asipochonga atakuwa nani? Kibanda kile ndicho jina lake. Likizo ya Aprili ilipofika nikapata njia. Mama alikuwa ametoka. Nikatandika mkeka, nikamwaga vifaru wote 9 bila mpango, nikamwambia, "Babu, nisaidie kuwapanga kwa miaka. Maandishi ya tumboni yamefifia." Wala hayakuwa yamefifia sana.

Akaketi. Akamchukua mmoja, hakumtazama, akampapasa. "Huyu ni wa muhugu. Wa kwanza. 2016." Akamweka kushoto. Akamchukua mwingine, "Huyu mdomo mpana, ni yule wa Ol Pejeta." Akaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea, na dole gumba lake lilikuwa likipita machoni mwao kama mtu anayefuta machozi ya mtoto. Aliposhika wa 2021 dole gumba likasimama. Likarudi. Likapita tena. Akamweka chini polepole. Wa 2022 hakumtajia mwaka. Aliposhika wa mwisho akakaa naye kwa muda mrefu mno, akauliza, "Huyu amechongwa na nani?"

Sikujibu. Akampindua, akasoma msumari kwa kidole.

"Mama yako anajua?"

"Anajua, babu."

"Na wazee wa kibandani?"

Nikanyamaza.

"Basi," akasema, "ni mimi tu nisiyejua."

Akainuka akaenda nje. Nilibaki pale mkekani moyo ukinidunda kama ngoma. Aliporudi alikuwa amevaa koti lake la kwenda mjini, saa kumi na mbili jioni, kana kwamba hospitali ya macho ingekuwa wazi saa hiyo.

Tulikwenda kesho yake, yeye, mama na mimi. Muuguzi alimmulika kwa tochi ndogo akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limeiva zaidi. Kwa lugha nyepesi alitueleza kwamba ndani ya jicho kuna kitu kama lenzi ya kioo, na uzeeni lenzi ile huingia ukungu kama dirisha la matatu wakati wa mvua. Dawa ya kutia haiuondoi. Hufanywa upasuaji mfupi, lenzi yenye ukungu hutolewa ikatiwa nyingine ya kutengenezwa. Babu akauliza, "Ya kutengenezwa kwa nini?" Muuguzi akasema, "Ni kama plastiki, mzee." Babu akanigeukia akasema, "Sawa na wale wako wa Kongowea."

Pesa ndipo palipokuwa na kazi. Baba mdogo alituma kutoka Nairobi. Mama aliomba chama chao wamrushie zamu yake mapema, wakakubali. Tukapiga hesabu tukaona tumepungukiwa shilingi 3,000. Hapo ndipo nilipokwenda kwa mwenye chekechea ya mtaani kwetu, mama mmoja aliyekuwa ameniuliza zaidi ya mara moja kama ningemuuzia wanyama wa kufundishia watoto. Tulikaa sakafuni, nikawatoa mmoja mmoja. Alichagua 22, wengi wa plastiki, kwa shilingi 150 kila mmoja. Ikawa 3,300, na zile 300 zikatosha nauli. Simba wa Ujerumani akaenda. Kiboko wa waridi akaenda. Kobe nilimficha chini ya mguu, samahani rafiki yangu, lakini nilijua ungenuna mwaka mzima. Alipoulizia vifaru nikamwambia hao hawauzwi, naye hakurudia. Kila nikienda shule napita karibu na dirisha lile. Siku moja nilimwona mtoto wa miaka minne hivi amemshika simba asiye na mkia, anamnong'oneza kitu. Nilitembea haraka maana nilikuwa nimechelewa gwaride.

Upasuaji ulikuwa Agosti 2024. Hakulazwa, alirudi nyumbani siku iyo hiyo na kibandiko jichoni kama haramia. Kesho yake kilipoondolewa alitazama huku na huku, kisha akasema kwa hasira, "Nani alipaka ukuta huu buluu?" Ukuta ule ni wa buluu tangu nizaliwe. Yeye alikuwa akiuona kama maji ya chai. Kisha akatazama mikono yake, mbele na nyuma, kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mke wangu, lete sanduku."

Nikawapanga vifaru mezani. Akawatazama kwa utaratibu kama mwalimu anayesahihisha. Kuanzia 2016 hadi 2020 alitikisa kichwa kwa kuridhika, na yule mweupe wa Ol Pejeta alimgusa kidogo. Wa 2021 alimfyonza. Wa 2022 akasema, "Astaghafiru," ingawa sisi si Waislamu. Alipofika kwa wa 2023 alicheka, akacheka, mama akaja mbio kumwambia daktari amemkataza kutikisika. Akafuta jicho zuri kwa kitambaa, akanyoosha mkono.

"Nipe hao watatu niwanyooshe. Ni kazi ya alasiri moja."

"La, babu."

"Mwaka nilioandika tumboni ni wangu. Mtu akiwaona atasema mzee huyu hajui kazi."

"Ulinipa, babu. Ni wangu."

"Kweli, akipenda chongo huita kengeza," akasema, akaenda zake kibandani kutafuta mtu mwingine wa kubishana naye.

Tangu siku hiyo hatujapatana. Ameniahidi wawili wazuri kwa kila mmoja mbaya. Nimekataa. Ameniahidi ndovu wa mpingo, mpingo wa kweli, kipande alichokihifadhi tangu miaka ya 1980, nikakaribia kukubali, nikakataa. Mimi nikimpapasa yule wa 2023 najua kwamba alichongwa na mtu asiyeona, akijua ni Desemba na mjukuu anangoja. Hilo siwezi kumweleza babu usoni, kwa hivyo nimeliandika hapa, na kwa kuwa la kushoto bado halijapasuliwa huenda asisome maandishi madogo kama haya.

Desemba 2024 nilipata wa kumi. Ni wa mwarobaini. Macho yako sawa, pembe ya mbele ndefu na nyembamba hata nahofia kumweka na wenzake. Amesimama kichwa juu, mdomo umechongoka, kama wale wa zamani. Babu alipomleta alitupa jicho kwenye sanduku akasema kwamba yule wa 2023 siku moja atakosewa jikoni akatiwa motoni pamoja na kuni. Alisema akicheka, lakini namjua. Sanduku lina kufuli siku hizi, na ufunguo nimeufunga kwenye kamba ya beji yangu ya shule.